Bendi Isiyochelewa

Jumatatu, 3 Machi

Bendi nzima imenikimbia! Mpiga ngoma, mpiga marimba, mpiga filimbi na yule wa kayamba, wote kwa mpigo mmoja, bila haya wala soni. Wamehamia kwa Shemeji.

Na kosa langu ni nini? Kupenda utaratibu. Mimi ni mtunza saa wa kiwanda cha sabuni. Kazi yangu ni kusimama getini na kuandika nani kachelewa. Siwezi kuwaandika watu asubuhi, halafu jioni nikae nawasubiri wapiga kayamba. Sheria ya bendi niliitangaza tangu mwanzo: mlango ukifungwa, umefungwa. Mpiga filimbi nilimfungia nje karibu kila wiki na hakuwahi kunishukuru.

Sasa wanasema nilivuka mpaka wiki iliyopita nilipomfungia nje mwimbaji. Ndiyo, nilimfungia! Alichelewa! Kwamba mwimbaji huyo ni mke wangu ni jambo lingine kabisa. Yeye ni dobi, anapiga pasi nguo za watu pale nyumbani, na alidai amechelewa kwa sababu alikuwa anamalizia shati langu la jukwaani. Nilimweleza kwa upole, kupitia tundu la ufunguo, kwamba angeanza mapema. Kesho yake akajiunga na kundi la kaka yake.

Kaka yake ndiye huyo Shemeji. Mtu anayeongoza bendi akiwa amekaa! Mazoezi yake yanaanza watu wakishafika. Wakishafika!

Hili lingevumilika kama si habari za ukumbi wa manispaa. Umekarabatiwa, unafunguliwa Jumamosi ya wiki ijayo. Makundi yatapiga mbele ya Mkurugenzi wa ukumbi, na litakalompendeza litapewa kile chumba cha nyuma kiwe chake cha mazoezi. Kina madirisha mawili, sakafu ya mbao na mlango wake wenyewe. Nilikuwa nakitamani chumba kile kabla Shemeji hajajua gambusi linashikwa upande gani. Hakipati. Nimekula kiapo.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa yao! Nimeipata kazini, mbele ya mashine ya kufungia sabuni. Inagonga ta-ta, ta-ta, mchana kutwa. Haiombi ruhusa, haiendi chai, haina shemeji. Nikajiuliza, kwa nini ngoma isipigwe na mashine? Na marimba je? Bendi ya mashine tupu, na mimi mbele yao nikiinua mkono tu.

Nimekwenda kwa Fundi Feni. Huyu ni mama anayetengeneza feni na mashine za kufulia pale karibu na soko. Nilitegemea atatoa macho. Hakutoa. Alisema ni kazi ndogo. Kila kitu kwake ni kazi ndogo, na feni yetu aliyoichukua mwaka juzi bado iko kwake.

Alichora kwenye boksi la viatu. Mota za waipa za gari zitapiga ngoma. Mota ya mashine ya kufulia itatikisa kayamba. Vinyundo vinavyovutwa na sumaku ya umeme vitagonga marimba, na pampu ya matairi itapuliza filimbi. Vyote vitaungwa kwenye kompyuta yake kuukuu. Mimi nitatazamana na kamera ndogo inayosoma mwendo wa mikono na kuiambia kompyuta nataka nini. Yeye anaiita kihisio. Mimi nimeiita Jicho.

Alisema pia atatundika shuka jeupe nyuma ya jukwaa na projekta ya kurusha picha, nazo zifuate mikono yangu. Akauliza nataka picha gani: mawingu, maua au mawimbi. Nikamwambia uso wangu. Alinipiga picha hapo hapo, nikiwa katikati ya kumweleza habari za ile feni.

Niliporudi nyumbani mke wangu alikuwa anapiga pasi. Kimya. Zamani alikuwa akipiga pasi anaimba. Mashuka ya nyumba ya wageni ya jirani yote yalinyooshwa kwa wimbo. Tangu mambo ya mlango, haimbi humu ndani. Sisemi kwamba inaniuma. Nasema tu kwamba sasa pasi inasikika ikigonga meza, na zamani haikusikika.

Alhamisi, 6 Machi

Vyombo vya bendi yangu ya zamani vimeletwa kwa mkokoteni kutoka kwa Fundi, vimeshafungwa mota. Vimejaa sebule. Ngoma nimeiita Sajini, marimba nimemwita Bibiye, kayamba ni Mtukutu. Filimbi nilikuwa bado naitafutia jina ilipojipatia lenyewe. Fundi Feni alipowasha, wenzake wote waliitika, yeye akawa bado anavuta pumzi ndani ya pampu. Akaingia wenzake wakiwa wamemaliza! Sasa anaitwa Mzembe. Nimemgeuza akatazama ukuta, ajifikirie.

Nafasi ni taabu. Vyombo vimepangwa ukutani, Jicho liko juu ya kabati, na katikati kabisa, penye mwanga wa dirisha, ipo meza ya pasi. Nilimwomba mke wangu aihamishe, kwa faida ya sanaa. Alisema meza ilikuwepo kabla ya wanajeshi wangu na itakuwepo wakishaondoka. Ni majibu gani hayo kwa mume? Basi mimi nasimama nyuma yake, kwenye kizingiti cha jikoni, juu ya kreti la soda. Ukinyoosha shingo unaniona vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimelifundisha Jicho. Utaratibu wake ni huu: unaandika kwenye kompyuta chombo unachotaka, unafanya ishara, unairudia hadi kijitaa cha kijani kiwake. Kikiwaka, Jicho limeshika na halisahau tena.

Ngoma ilikuwa rahisi. Nilipeleka mkono mbele na nyuma, mke wangu naye akiendelea na suruali zake, na kijitaa kikawaka upesi. Fundi Feni akapiga makofi. Marimba ilinisumbua. Nilikutanisha viganja mpaka mabega yakawaka moto, na kijitaa kikaja kuwaka mke wangu alipokuwa anakunja shuka. Kayamba nilitikisa vidole. Wapi! Kikawaka wakati yeye ananyunyizia nguo maji. Kwa filimbi nilipanua mikono. Ikashika alipokung'uta taulo. Ishara ya mwisho ni ya kunyamazisha wote na kutokeza uso wangu shukani, mkono juu. Ilishika mke wangu alipoinua pasi akaisimamisha.

Mke wangu, ambaye hajaniambia maneno mengi wiki hii, alichagua wakati huo kusema. Aliniambia ametazama kile kijitaa, kinawaka anapofanya kazi yeye, si ninapopunga mimi. Nikamwambia mambo ya kitaalamu awaachie wataalamu. Fundi Feni akaniunga mkono, akasema Jicho haliwezi kubabaishwa na pasi. Mke wangu akasema haya, bwana mkubwa. Sikuipenda sauti yake.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya ushindi, kisha siku ya uasi.

Asubuhi bendi ilipiga! Ilipiga kwelikweli! Mke wangu alikuwa na mzigo wa mashati ya wahudumu wa hoteli, mimi nikiwa juu ya kreti langu. Nikapunga, Sajini akaitika. Nikakunja, Bibiye akalia. Wakati mwingine walikuwa wananitangulia kidogo, wananyamaza kabla sijawaambia, lakini kiongozi mwenye akili huwafuata, ndani ya nafsi anajua ni yeye aliyetaka hivyo. Hata Mzembe aliingia vizuri. Majirani walisimama dirishani.

Mchana mke wangu akaenda kwenye mazoezi ya kaka yake. Nikapanda kreti, nikainua mikono. Kimya! Nikapunga. Kimya! Nilipunga hadi shati likalowa. Nikawasema mmoja mmoja kwa majina. Nikawakumbusha nani kawatoa kwenye takataka za gereji. Sajini hata hakutikisika. Ndani ya siku chache mashine zimejifunza kugoma, na najua tabia hiyo wameitoa kwa nani. Vile vyombo viliwahi kuguswa na wanachama wangu wa zamani.

Nikamwita Fundi Feni. Alisema ni uchovu wa mota, kazi ndogo, akavitia mafuta. Bado kimya. Akasema mafuta yanahitaji muda. Mke wangu akarudi, akavua viatu, akashika pasi, na bendi nzima ikalipuka! Mafuta yalikuwa yameingia. Nilimsifu sana Fundi. Mke wangu alitutazama kwa zamu, mimi na Fundi, akatikisa kichwa.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kupeleleza. Shemeji anafanyia mazoezi kwenye karakana ya seremala. Nilijificha nyuma ya rundo la mbao chini ya dirisha. Niliyoyaona! Mpiga filimbi kafika wenzake wakiwa katikati ya wimbo, na Shemeji akamsogezea stuli. Akamsogezea! Watu walikuwa wanacheka. Mpiga ngoma wangu, ambaye kwangu hakuwahi kuonyesha jino, anacheka mpaka anapangusa macho.

Halafu mke wangu akaanza kuimba. Ule wimbo wetu, wa tulipokuwa wachumba, nilioutunga mimi. Mashairi ni yake, sauti ni yake, lakini nani alikuwa anahesabu mapigo? Mimi! Nilibaki nimeegemea mbao zile muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kisha vumbi la mbao likaniingia puani nikapiga chafya.

Nilidhani Shemeji atanifukuza, nami nilikuwa nimeandaa maneno. Hakunifukuza. Alinikaribisha! Akaniita shemeji yangu mpenzi, akanipa kiti, akanimiminia chai, akasema nafasi yangu ipo siku yoyote nitakayotaka. Mbele ya watu wote! Sijawahi kudhalilishwa namna ile. Mke wangu alikuwa amenyamaza aliponiona. Hakuendelea mpaka nilipoondoka, na chai sikuinywa.

Niliporudi nilipitia kwa Mkurugenzi wa ukumbi. Ni mama mmoja mtulivu, mwenye miwani ya kamba. Nikamshauri, kama raia tu, kwamba kundi litakalochelewa Jumamosi lifutwe papo hapo. Akasema ni wazo zuri. Shemeji kwisha habari yake! Yule hawezi kuwahi hata mazishi yake mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Nimerudi kutoka kazini nimekuta shati langu la jukwaani limetundikwa kwenye mkono wa Sajini. Limepigwa pasi. Nililikagua ukosi, vifungo, mikono, ndani na nje. Hakuna pa kulaumu. Nilitafuta.

Sikujua la kufanya, kwa hiyo nilikohoa. Mke wangu akaacha kazi akanitazama. Akaniuliza kama nina neno lolote la kumwambia. Neno lilikuwepo, lilikuwa karibu kabisa na meno. Nikamwambia kesho asichelewe.

Akachukua kapu lake akatoka kupeleka nguo za watu. Sijui alitaka niseme nini zaidi. Huo ulikuwa ushauri mzuri, tena wa bure.

Jumamosi, 15 Machi

Haya ndiyo yaliyotokea ukumbini. Nitayaandika yote, ili siku moja ukweli ujulikane.

Shemeji aliwahi! Kundi zima lilikuwa ukumbini mapema, limekaa, limependeza, kila nguo imenyooka. Nani kazinyoosha? Msiniulize. Na mimi, mimi mtunza saa, nilifika nakimbia nyuma ya mkokoteni uliovunjika gurudumu, nimemkumbatia Mzembe. Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni na saa yake. Aliniuliza kama mimi si yule raia wa juzi. Nikamweleza kwamba mkokoteni ndio uliochelewa, mimi nilikuwa nauandama tu. Akacheka akaniruhusu. Sikuona cha kuchekesha.

Kundi la Shemeji lilipiga kwanza. Watu walishangilia. Sitalizungumzia hilo. Walipomaliza walibaki wamekaa kwenye mabenchi ya nyuma ya jukwaa, mke wangu akiwa mwisho wa benchi, na Fundi Feni akapanga vyombo vyangu upande wa pili. Jicho tuliliweka ukingoni mwa jukwaa, litutazame. Shuka likatundikwa. Taa zikapunguzwa. Mimi katikati.

Nikapunga. Kimya.

Nikapunga tena, mikono yote miwili, kwa nguvu. Kimya! Mtu mmoja akakohoa. Nikamtazama Fundi Feni, naye akanionyesha kidole gumba kwamba mambo shwari.

Hapo ndipo Mtukutu akaanza kucheza. Cha-cha-cha, peke yake! Nikageuka. Mke wangu alikuwa anajipepea kwa vidole, ukumbini mlikuwa na joto. Akaacha, Mtukutu akaacha. Akajipepea tena, Mtukutu akacheza tena. Akashtuka, akainua mkono kujiziba mdomo, na shuka zima likajaa uso wangu! Mkubwa kama nyumba, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Ni ile picha ya habari za feni. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nikajua mara moja ni hujuma. Nikatangaza kwa sauti, mbele ya Mkurugenzi na wageni wake, kwamba Shemeji ana rimoti mfukoni na ninataka apekuliwe. Shemeji akasimama, akageuza mifuko yake yote nje. Ilikuwa na leso na pipi za kifua. Akanipa pipi moja. Akasema sauti yangu imekauka.

Nilikuwa nimesimama pale na pipi mkononi, nikitafuta mlango wa kutokea, mke wangu alipoinuka. Alikuja mpaka katikati ya jukwaa. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alinieleza habari za kijitaa. Nikamwambia arudi akakae, huu ni utaalamu. Akaniambia nimshikie mkoba.

Nikaushika. Sijui kwa nini niliushika.

Akatandaza kitu hewani, kama anatandika shuka mezani. Akapeleka mkono mbele, akaurudisha. Sajini akapiga. Mbele, nyuma. Sajini akapiga, wala hakuna alichokosea. Akanyunyizia maji ambayo hayakuwepo, na Mtukutu akaitika. Akakung'uta, Mzembe akapuliza, kwa wakati! Akakunja pembe kwa pembe, na Bibiye akateremka ngazi yote ya sauti zake mpaka chini. Kisha mke wangu, akiwa anapiga pasi mahali pasipo nguo wala meza, akaanza kuimba.

Ulikuwa ule wimbo wetu. Na mashine zilikuwa zinaujua! Mkono wake na wimbo ule vimekuwa pamoja miaka yote hiyo, kila pigo la pasi linaangukia kwenye neno lake. Mashine hazikumfuata. Zilikuwa zake tangu mwanzo. Kila aliposimamisha pasi kati ya beti, vyombo vyote vilinyamaza na uso wangu ukatokea shukani, mdomo wazi, na watu wakashangilia kama kwamba ndicho walichokuja kukitazama.

Mwisho akanigeukia mimi. Akaniwekea ukosi sawa. Akaunyoosha kwa viganja viwili, taratibu, akazikutanisha ncha zake. Bibiye akalia sauti ndogo, mara moja tu. Wimbo ukaisha.

Ukumbi ulisimama. Machozi yalinitoka, lakini hilo ni kosa la wasimamizi. Mapazia mapya na tayari yana vumbi.

Jumapili, 16 Machi

Chumba kimepatikana! Si changu. Mkurugenzi kakitoa kwa kile alichokiita bendi ya mama wa pasi. Nilimfuata kumweleza kwamba bendi ni yangu, mashine ni zangu, hata uso ni wangu. Akanishika mkono kwa heshima kubwa. Alisema nimeigiza vizuri sana ile nguo iliyokunjamana.

Nguo! Mimi!

Nimemwuliza Fundi Feni kwa nini hakuligundua kosa. Alisema hakukuwa na kosa, Jicho lilimshika aliyekuwa anafanya kazi. Nimeyatafakari maneno hayo na nimeona yana dharau ndani yake.

Jioni Shemeji alikuja na wote walionikimbia. Walikaa sebuleni kwangu, katikati ya mashine, wakapanga kwamba chumba kitatumika kwa pamoja, watu na vyombo, na mke wangu atawaongoza. Wakaniuliza kama nami nitakuwepo. Nikasema nitaangalia nafasi yangu. Nilikuwa huru kila siku.

Walipoondoka, mke wangu akaniambia yeye hana kinyongo, ila kuna neno moja analisubiri tangu siku ile ya mlango. Neno dogo, alisema, na nikilitoa yatakuwa yameisha. Nikamwambia nitalifikiria. Akauliza kama nalijua. Nikasema nalijua. Akaenda kuloweka nguo, na nilimsikia akipiga mluzi kidogo. Mluzi si kuimba, lakini ni hatua.

Jumatano, 19 Machi

Nimewapelekea zawadi. Si neno, ni kitu bora kuliko neno. Chumba kile kina mlango mzuri unaosimamiwa vibaya. Leo watu wameingia na kutoka kama sokoni! Mpiga filimbi alifika anatafuna karanga. Mke wangu akamwambia karibu.

Kwa hiyo nimemwagiza Fundi Feni mlango wa umeme. Saa ya mazoezi ikifika unajifunga wenyewe, na kutoka nje hauwezi kufunguka ila kwa mkono wangu mimi. Jicho la pili litawekwa juu yake. Nikiinua kiganja, unafunguka. Kwa namna hiyo nitakuwa na kazi yangu rasmi ndani ya bendi. Fundi kasema ni kazi ndogo.

Jumamosi, 22 Machi

Mlango umekamilika. Jicho la mlangoni nimelifundisha mwenyewe, na safari hii nimekuwa mwangalifu sana. Nilihakikisha hakuna meza ya pasi popote karibu. Palikuwa na mke wangu tu, mbele yangu kidogo, anapangusa kizingiti. Niliinua kiganja, naye akainuka kukamua kitambaa, na kijitaa kikawaka papo hapo. Mara ya kwanza tu! Hii ndiyo tofauti ya uzoefu.

Mke wangu alifungua mdomo kusema kitu. Nikamwomba asinivurugie. Akaufunga, akatabasamu.

Jumanne, 25 Machi

Naandika nimekaa juu ya ndoo, nje ya chumba cha mazoezi.

Nilichelewa. Hapana, sikuchelewa, nilicheleweshwa! Nilikuwa nachonga ubao wa kuandikia majina ya watakaochelewa, na rangi ikakataa kukauka. Nilipofika mlango ulikuwa unajifunga mbele ya macho yangu. Nikainua kiganja. Haukufunguka. Nikainua cha pili. Nikapunga, nikatikisa vidole, nikakunja mikono, nikakung'uta. Mtu mmoja aliyekuwa anapita alinipungia na yeye.

Nikainama kwenye tundu la ufunguo nikamwita mke wangu. Akaja. Nikamweleza hali. Akaniambia kwa upole, kupitia tundu hilo hilo, kwamba ningeanza mapema. Nikasikia kicheko cha Shemeji, na kicheko cha mpiga filimbi, ambaye alikuwa ndani. Alikuwa amewahi!

Kisha mke wangu akasema mlango anaweza kuufungua sasa hivi, anajua mkono unaotakiwa. Lakini kwanza lile neno.

Nikalitafuta. Nalijua, ni neno fupi, mtoto anaweza kulisema. Nilifungua mdomo mara kadhaa. Kikatoka kikohozi. Akasubiri. Akasubiri sana kwa kweli, nasikia pumzi yake upande wa pili. Halafu akasema basi, wao wanaanza, na mimi nikiwa tayari nigonge.

Sasa wanapiga. Sajini, Bibiye, Mtukutu, na filimbi mbili, ya mtu na ya mashine, zinafukuzana. Juu yao wote yupo yeye. Ule wimbo wetu. Sijawahi kuusikia vizuri namna hii, na hii ni dharau kubwa, kwa sababu miaka yote nilikuwa ndani. Nimeuegemeza ubao wangu mpya mlangoni, nikaweka sikio juu yake. Rangi yake imenishika shavuni. Jina la kwanza kwenye orodha sijui litakuwa la nani.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu na nimegundua kosa liko wapi. Mlango hauna kosa. Mimi sina kosa. Ni lile neno, halijafungiwa mota. Nimemwagiza Fundi Feni anitengenezee kisanduku kidogo cha mfukoni, chenye spika na swichi, kimwambie mke wangu samahani kwa niaba yangu, kwa sauti nzito yenye heshima, kila nitakapobonyeza. Kasema ni kazi ndogo.